Moto wa Makumbi Baharini: Ged, Tenar na Visiwa vya Earthsea

Riwaya ya A Wizard of Earthsea, iliyoandikwa na Mmarekani Ursula K. Le Guin, ilitoka mwaka 1968. Iliyoichapisha ni Parnassus Press, kampuni ndogo ya vitabu vya watoto mjini Berkeley, California. Mchapishaji ndiye aliyekiomba kitabu: alitaka hadithi ya vijana, wale waliokwisha kuzichoka ngano za watoto lakini bado hawajahesabiwa kuwa watu wazima. Le Guin alianzia kwenye swali dogo. Katika hadithi za kale za Ulaya, mjuzi wa mambo ya siri ni mzee mwenye ndevu nyeupe. Mzee huyo alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano alikuwa mtu wa namna gani, na ujuzi wake aliupatia wapi?

Ramani ilitangulia hadithi. Alichukua karatasi kubwa akachora visiwa, vikubwa kwa vidogo, akavipa majina: Gont, Roke, Havnor, Osskil, Atuan, Selidor. Ulimwengu wote wa Earthsea ni bahari iliyotapakaa visiwa, bila bara hata moja. Kwa hiyo hakuna safari yoyote ya maana inayofanyika bila chombo, na kila anayetaka kumfuata mwenzake, kumkimbia adui au kurudi kwao lazima kwanza aulize upepo unatoka wapi. Uamuzi huo mmoja wa mchoraji ramani ndio uliokipa kitabu mwendo wake. Mambo hayaendi mbio katika Earthsea, kwa sababu mashua haiendi mbio.

Nyumba aliyokulia mwandishi nayo ilichangia. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa mila na lugha za wenyeji wa asili wa California. Mama yake, Theodora Kroeber, aliandika Ishi in Two Worlds, kitabu kilichotoka mwaka 1961 kuhusu mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyejitokeza peke yake mwaka 1911 baada ya watu wake wote kuuawa au kufa. Mtu huyo hakumtajia mtu yeyote jina lake, kwa kuwa desturi ya kwao ilimkataza kulitamka mwenyewe. “Ishi” ni neno la lugha za jamii yake lenye maana ya “mwanamume” tu, na ndilo alilopewa ili apate kuitwa. Alikufa mwaka 1916 na jina lake la kweli likaenda naye. Binti wa nyumba hiyo alipokuja kuunda dunia yake mwenyewe, aliijenga juu ya jina la kweli: kila mtu ana jina la kuitwa, linalojulikana na wote, na jina jingine la siri ambalo humwambia mtu mmoja au wawili katika maisha yake yote. Anayelijua jina hilo anaweza kumtawala mwenye nalo. Ndiyo maana kumwambia mtu jina lako ni kumkabidhi roho yako.

Kiswahili kina jambo la kuongeza hapa. Ujuzi unaofundishwa katika chuo cha kisiwa cha Roke hauna neno moja la kuutosha. Uchawi, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kudhuru. Uganga ni kutengeneza kilichoharibika. Lugha ya Kiingereza inachanganya mambo hayo mawili katika neno moja, na msomaji wake hana budi kusubiri matendo ya mhusika ili ajue yuko upande gani. Msomaji wa Kiswahili anaingia kitabuni na mpaka huo akiwa nao tayari kinywani mwake, na anaweza kuonyesha ukurasa hasa ambapo kijana Ged anauvuka.

Ged ni mtoto wa mfua shaba katika kijiji cha mlimani kisiwani Gont. Mama yake alikufa angali mchanga, na dada wa mama yake, mganga wa kijiji, ndiye aliyemfundisha maneno ya kwanza. Maharamia wa Karg walipokishambulia kijiji, mtoto huyo aliita ukungu ukafunika njia zote, adui wakapotea ndani yake. Habari zikamfikia Ogion, mjuzi mkimya anayeishi juu ya bandari ya Gont, naye akaja kumpa jina lake la kweli na kumchukua awe mwanafunzi wake. Kwa watu wengine huitwa Kipanga, kwa jina la ndege.

Siku za kwanza za mvulana huyo na Ogion zinafaa kusomwa taratibu. Wanatembea siku nyingi, mvua inanyesha, na mwalimu, ambaye angeweza kuliondoa wingu kwa neno moja, anatafuta mti wenye matawi ya kutosha na kulala chini yake. Mvulana analala macho, amelowa, ana hasira. Ya nini basi kuwa na uwezo usioutumia? Itampasa kuharibu mambo makubwa ndipo aelewe alichofundishwa usiku ule, kwamba dunia ina mizani, na mvua iliyofukuzwa hapa ni ukame uliopelekwa kwa wengine. Le Guin alikuwa msomaji wa miaka mingi wa falsafa ya Tao ya Wachina, hata mwaka 1997 akatoa tafsiri yake mwenyewe ya Tao Te Ching. Lakini katika riwaya hakuna hotuba ndefu ya falsafa. Kuna mzee amelala chini ya mti, mvua inamnyeshea.

Ged anauacha ukimya huo na kwenda Roke kwa meli iitwayo Shadow, yaani Kivuli, dokezo ambalo wasomaji wengi huligundua wakisoma mara ya pili. Chuoni ana kipaji kuliko wote, na ana kiburi kinacholingana na kipaji chake. Mwanafunzi mwenzake, Jasper, anamchokoza kwa adabu, kwa tabasamu, kwa ile dharau ya mtoto wa watu wakubwa mbele ya mchunga mbuzi. Usiku mmoja, ili kumwonyesha Jasper, Ged anamwita mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita. Hapo ndipo mpaka wa uganga na uchawi unapovukwa. Mfu anaonekana kwa kitambo tu, na kwenye mpasuko huo kinachomoka kitu cheusi kisicho na sura, kinamrukia Ged na kumrarua uso. Mkuu wa chuo anautoa uhai wake wote kuuziba mpasuko ule. Ged anabaki na makovu shavuni, na maisha yake yaliyobakia kitabuni ni habari yake na kivuli hicho.

Kitabu hiki kinawatofautisha wasomaji mapema. Anayengoja vita na majeshi hatavipata. Lipo joka, na Ged analishinda kwa kulijua jina lake, lakini mwandishi hakawii hapo. Anakawia kwa rafiki yake Vetch, kijana mnene mwenye moyo mweupe ambaye, anapoondoka yeye chuoni na kumwacha Ged akiwa amevunjika na hajiamini tena, anamwambia jina lake la kweli, Estarriol, bila kuombwa. Kwa sheria za dunia ile, hakuna zawadi kubwa zaidi, na inatolewa kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwongezea mwenzake chai. Aliyesoma ukurasa huo na kuupita bila kutulia amepitwa na kitovu cha riwaya.

Kwa muda mrefu Ged anakimbia. Kisha anamrudia Ogion, naye anamshauri ageuke: anayewindwa awe mwindaji. Kuanzia hapo kitabu kinakuwa cha baharini moja kwa moja. Chombo chake cha kwanza kinavunjika. Katika kisiwa kimoja anamkuta mzee mvuvi ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho, anamtibu, na mzee anampa mashua yake, mashua ya mbao zilizopandana, imara. Mzee anataka jambo moja tu: mashua ibadilishwe jina iitwe Lookfar, yaani Tazama-Mbali, na ichorwe macho pande mbili za omo, ili shukrani zake zipate pa kutazamia.

Wavuvi wa Lamu na visiwa jirani hawatahitaji kuelezwa maana ya macho hayo. Mtepe, kile chombo kikubwa cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi kilichosafiri pwani hii kabla ya majahazi ya misumari, ulichorwa macho omoni, na majahazi ya Lamu mpaka leo hubeba duara la jicho kila upande. Chombo kinatakiwa kuona kinakokwenda. Le Guin hakuichukua desturi hiyo Lamu. Macho ya chombo yako katika bahari nyingi za dunia, kuanzia ya Mediterania hadi ya China. Hata hivyo, msomaji wa pwani akifika kwenye ukurasa huo anaingia mahali anapopajua.

Bahari ya Earthsea ina uzito wa kweli. Watu wanafua maji ngamani, wanalala kwa zamu, wanapiga makasia mpaka viganja vinachubuka. Mjuzi anaweza kuita upepo wa ndani ya tanga lake peke yake, akaenda moja kwa moja pasipo kubisha wala kungoja kusi ligeuke, ila upepo huo unamla nguvu. Akilala, tanga linalegea. Yarrow, mdogo wake Vetch mwenye umri wa miaka kumi na minne, anauliza swali ambalo kila mtoto mwenye akili angeuliza: kwa nini waganga wawili, Ged na kaka yake, wabebe vyakula vya safari wakati wanaweza kuvitokeza kwa neno? Anajibiwa kwamba chakula cha maneno hakishibishi. Basi anawafungia mikate, na mashua inaondoka wakati wa majira ya baridi kuelekea mashariki, kupita kisiwa cha mwisho kilichomo ramanini.

Kuna methali inayosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Safari ya Ged inakwisha hivyo hasa. Mbali kuliko visiwa vyote, maji yanageuka mchanga chini ya mashua, Ged anashuka na kukutana uso kwa uso na kivuli, na kila mmoja anamwita mwenzake kwa jina moja, Ged. Adui aliyekimbiwa na kuwindwa toka kisiwa hadi kisiwa alikuwa sehemu yake mwenyewe. Vetch anamtoa majini akiwa hai na mzima. Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, na katika fasihi ya vijana ya wakati ule mwisho wa namna hiyo ulikuwa jambo la ujasiri.

Mapenzi bado hayajaingia. Yanaingia katika kitabu cha pili, The Tombs of Atuan, cha mwaka 1971, na yanaingia kwa mlango ambao hakuna mtu angeutazamia. Shujaa safari hii ni msichana. Tenar alichukuliwa kwao akiwa mdogo wa miaka kama mitano, kwa madai kwamba ndiye kuhani mkuu aliyekufa na kuzaliwa upya. Akanyang’anywa jina na kuitwa Arha, Aliyeliwa. Analelewa jangwani, mbali na bahari, awe mlinzi wa makaburi na wa vichochoro vya giza chini ya ardhi ambamo taa hairuhusiwi kuwashwa. Anavijua vichochoro hivyo kwa vidole. Siku moja anakuta mwanga ndani ya giza lake. Ni Ged, sasa mtu mzima, aliyekuja kutafuta nusu ya pete iliyovunjika zamani. Tenar anamfungia humo. Kazi yake ni kumwacha afe kwa kiu.

Sura zinazofuata ni miongoni mwa zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa zaidi katika fasihi nzima ya vijana. Msichana anarudi kila siku kumchungulia mfungwa kupitia matundu ya siri. Anajiambia anakwenda kumtazama anavyokufa. Kisha anampelekea maji. Halafu anakaa amsikilize kidogo. Mfungwa anamsimulia habari za bahari, yeye ambaye hajawahi kuiona, na za miji yenye minara meupe juu ya bandari. Msichana anamkasirikia, anamtishia, anaondoka, anarudi. Hakuna mguso. Ged hambembelezi wala hamdanganyi. Anachompa ni jina lake alilonyang’anywa, Tenar. Anamrudishia kabla hajajua kama litamwokoa yeye.

Wanapotoroka na kufika pwani kuliko Lookfar, msomaji aliyezoea hadithi nyingine anajua sasa ni zamu ya kukumbatiana. Badala yake, Tenar anamjia Ged na kisu mkononi. Ameachiwa uhuru asiojua pa kuuweka, ametenda mambo ya kutisha katika ukuhani wake, na wa kulaumiwa yuko karibu, amekaa kimya. Ged anainua macho. Kisu hakishuki. Wanapanda mashua, wanasafiri hadi Havnor, na Tenar anamwomba asimwache. Ged anamwambia kwamba yeye huenda anakotumwa, na kwamba atampeleka kwa Ogion, Gont, mahali penye utulivu wa kumfaa. Kitabu kinakwisha wakiwa wameshikana mikono, msichana kama mtoto anayerudi nyumbani.

Kwa kijana anayesoma kwa mara ya kwanza, hilo linaweza kuonekana dhuluma. Ukweli ni kwamba Le Guin alimheshimu Tenar kuliko hadithi nyingi za mapenzi zinavyomheshimu msichana. Mtu ambaye juzi tu amelipata jina lake hana bado nafsi ya kumpa mwingine. Kumtoa kaburini na kumwingiza moja kwa moja katika ndoa kungekuwa kumbadilishia bwana.

Kitabu cha tatu, The Farthest Shore, kilitoka mwaka 1972 na kupata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani kwa upande wa watoto mwaka 1973. Ged sasa ndiye mkuu wa wajuzi wote, na anasafiri kwa Lookfar na mwanamfalme kijana, Arren, wakitafuta shimo ambalo nguvu za dunia zinavujia. Wanapita kwa watu wanaoishi maisha yao yote juu ya vyelezo katikati ya bahari, wasiokanyaga nchi kavu ila mara moja kwa mwaka. Mwishoni, katika nchi ya wafu, Ged anaziba shimo hilo kwa kumwaga uwezo wake wote, asibakiwe hata na tone. Mashua inabaki ufukweni Selidor. Tenar hayumo katika safari hiyo.

Kisha ukimya wa miaka 18.

Tehanu ilitoka mwaka 1990, na waliokuwa wanafunzi wa sekondari wakati wa kitabu cha pili sasa walikuwa na watoto wao. Ndani ya hadithi pia imepita karibu robo karne tangu tukio la kisu. Tenar hakukaa na Ogion kusoma elimu ya wanaume. Aliolewa na mkulima, akazaa watoto wawili, akafiwa na mume. Sasa anamlea msichana mdogo aliyetupwa motoni na watu wake, uso wake na mkono mmoja vimeungua. Ged analetwa Gont juu ya mgongo wa joka akiwa taabani. Anapopona, anaona aibu. Yeye aliyekuwa mkubwa kuliko wote hawezi hata kuwasha taa kwa neno. Wajumbe wa Arren, ambaye sasa ni mfalme, wanapomtafuta, anajificha, akaenda mlimani kuchunga mbuzi kama utotoni.

Wapo wasomaji waliochukizwa. Walimtaka Ged wa majoka. Wangefaa kukisoma tena, maana ni hapa mapenzi yale yaliyowekwa chini ya majivu mwaka 1971 yanapofukuliwa. Watu wa mwambao wanaujua moto wa makumbi: haurushi ndimi, hauna mlio, huenda mtu akadhani umezimika, ukipekua majivu alfajiri, kaa lipo, jekundu. Tenar ana miaka zaidi ya arobaini, mikono ya mfanya kazi. Ged ana mvi na makovu. Usiku ambao wahalifu wanaijia nyumba ya Tenar kumtaka mtoto, anayewazuia ni Ged, na silaha yake ni uma wa shambani wa kugeuzia nyasi. Baadaye, katika majira ya baridi, wanalala pamoja kwa mara ya kwanza kwenye jiwe la mbele ya meko. Mwandishi analiambia hilo kwa maneno machache sana. Inafahamika pia sasa kwa nini ilichelewa kiasi hicho: wajuzi wa Roke hujifunga kwa nguvu zao wasitamani mwanamke, na bei ya uwezo wa Ged ilikuwa hiyo miaka yote, naye hajapata hata kuijua kuwa ni bei.

Anayetaka kuionja hadithi hii ipasavyo na aisome kwa mpangilio wa miaka ya kuchapishwa, na baina ya kitabu cha tatu na cha nne apumzike, hata mwezi. Ngoja ile ni sehemu ya utamu. Na aangalie majalada. Ged ni mtu wa rangi nyekundu ya kahawia, Vetch ni mweusi, na watu wengi wa visiwani ni wa rangi hizo. Weupe ni watu wa Karg, kwao Tenar. Le Guin alifanya hivyo kwa makusudi, na kwa miaka mingi wachoraji wa majalada walimgeuza Ged kuwa mweupe. Filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 2004 ilifanya vivyo hivyo, na mwandishi aliilaumu hadharani. Kijana wa Tanga au Kisumu anayekifungua kitabu hiki ana haki ya kujua kwamba uso ulio jaladani huenda si uso ulioandikwa ndani.

Hadithi zenyewe ziliendelea. Mwaka 2001 vilitoka Tales from Earthsea na The Other Wind, ambamo Ged mzee analima bustani yake Gont akimngoja Tenar arudi kutoka Havnor, naye anarudi. Le Guin alifariki Januari 2018 mjini Portland, Oregon, akiwa na miaka 88. Miezi michache baadaye jarida la The Paris Review lilichapisha hadithi fupi aliyoiacha, Firelight. Ndani yake Ged amelala kitandani, ni siku zake za mwisho. Tenar yuko naye, anaingia na kutoka, moto unawaka. Mawazo ya mgonjwa yanarudi kwa mashua aliyoiacha Selidor, na safari hii anaipanda peke yake, anatweka tanga, na macho yaliyochorwa omoni yanatazama magharibi.